P2135: Sensa mbili zinapobishana ndani ya throto

Mjomba alinipigia simu saa moja usiku akiwa pembeni ya barabara, kati ya Chalinze na Morogoro. "Anko, gari imekataa. Nakanyaga mafuta haiendi, inatambaa tu kama kobe." Alikuwa na abiria watatu. Dakika chache kabla ya hapo alikuwa analipita lori, na akiwa katikati ya kulipita, gari likapoteza nguvu ghafla, taa ya injini ikawaka, ikabidi arudi nyuma ya lori huku basi linamjia kwa mbele. Alipofika kwenye sehemu hiyo ya basi alishusha sauti, na mjomba si mtu wa kushusha sauti.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya fizikia, sio ufundi wa magari. Lakini kwenye ukoo wetu ukishasoma "mambo ya umeme", kila kitu chenye waya kinakuwa chako, kuanzia redio ya bibi hadi gari la mjomba.

Kesho yake gari likapelekwa gereji. Fundi akachomeka mashine ya kupimia kwenye ile soketi ya matundu 16 iliyo chini ya dashibodi, mashine ikatoa msimbo mmoja: P2135. Mafundi wengi huita "kodi", na kwa mjomba ilikuwa kodi kweli, maana jibu lilikuja hapohapo: "Throto imekufa." Akanunua throto ya mtumba kwa shilingi laki tatu na nusu. Ikafungwa, msimbo ukafutwa, gari likaondoka vizuri kabisa. Siku ya nne taa ikawaka tena, msimbo uleule. Safari hii akaambiwa kwamba hata hiyo ya mtumba nayo ni mbovu, atafute nyingine. Hapo ndipo nilipofunga safari.

Simlaumu sana fundi. Maelezo ya msimbo huu kwenye mashine yanataja sensa ya throto, na ukiona jina la kifaa ni rahisi kudhani kwamba kifaa hicho ndicho kibovu. Lakini P2135 haisemi hivyo. Inasema kwamba volti za sensa mbili, A na B, haziendani. Basi. Ni kama umeingia kwenye nyumba yenye saa mbili ukutani, moja inasema saa nne kamili na nyingine saa nne na dakika ishirini. Unajua kuna uongo mahali fulani. Hujui ni saa ipi inayodanganya, na hujui kama tatizo ni saa, betri yake, au mtoto aliyeichezea mishale.

Turudi nyuma kidogo, kwa wale ambao hawajawahi kufungua boneti. Injini ya petroli hudhibitiwa kwa hewa. Kwenye njia ya hewa kuelekea kwenye silinda kuna bomba fupi lenye kisahani cha chuma kinachozunguka kwenye ekseli yake, kama dirisha linalofunguka kwa kugeuka. Bomba hilo pamoja na kisahani chake ndiyo throto. Kisahani kikilala sambamba na bomba, hewa inapita kwa wingi, kompyuta inaongeza petroli inayolingana nayo, na injini inachanganya. Kikisimama kuziba bomba, hewa inapita kidogo tu na injini inabaki kwenye sailensi.

Zamani pedali ilikuwa inavuta kebo, na kebo inavuta kisahani moja kwa moja. Kwenye magari mengi ya siku hizi kebo hiyo haipo tena. Mguu wako unasukuma pedali, sensa za pedali zinapeleka volti kwenye kompyuta ya injini, kompyuta inafanya hesabu zake, kisha inaamuru mota ndogo ya umeme igeuze kisahani. Ili ijue kama mota imetii, inategemea sensa zilizofungwa kwenye ekseli ya kisahani.

Sasa fikiria sensa hiyo ingekuwa moja tu. Siku ikidanganya na kusema "kisahani kimefungwa" wakati kiko wazi, kompyuta ingekiongeza kufunguka, na wewe uko mtaani kwenye kivuko cha wanafunzi. Kwa sababu hiyo wahandisi waliweka mbili, zinazopima kitu kilekile. Na hawakuzifanya zifanane. Hii ndiyo sehemu niliyoipenda zaidi kwenye mkasa huu wote.

Kwenye gari la mjomba, sensa A hupanda kadiri kisahani kinavyofunguka: inaanzia chini ya volti 1 na kufika zaidi ya 4. Sensa B hufanya kinyume chake, inaanzia juu ya 4 na kushuka chini ya 1. Zinatazamana kama mtu na kioo. Ukizijumlisha wakati wowote, kisahani kikiwa popote, lazima upate karibu volti 5, kwa sababu volti 5 ndizo kompyuta inazozipa sensa zote mbili kama chakula chao.

Kwa nini zisipande zote mbili kwa pamoja, sawasawa? Kwa sababu sensa hizi zinagawana waya wa chakula (hizo volti 5) na waya wa kurudi, ambao mafundi huuita athi. Waya wa chakula ukilegea, sensa zote mbili zitashuka. Athi ikilegea, zote mbili zitapanda. Zingekuwa pacha wanaofanana, kompyuta ingeona zote zimepanda kwa pamoja, iamini kwamba kisahani kimefunguka, kumbe ni waya tu umelegea. Lakini kwa mpango wa kioo, mwendo halisi wa kisahani lazima upandishe moja na kushusha nyingine. Zote mbili zikipanda, kuna jambo jingine linaendelea.

Siyo kila gari liko hivi. Toyota nyingi zenye throto ya umeme, kwa mfano, sensa zake zote mbili hupanda, ila kwa kupishana: mguu ukiwa nje ya pedali, moja huwa kati ya volti 0.5 na 1.1, na ya pili kati ya 2.1 na 3.1. Pale kompyuta inachunga tofauti badala ya jumla. Mpango huo una uzuri wake: nyaya mbili za sensa zikigusana, volti zake zinakuwa sawa, na usawa huo ndio unaozichongea. Kwa hiyo kabla ya kupima gari lako, tafuta kitabu cha mafundi cha modeli yako ujue ni la kioo au la kupishana. Hesabu zinazofuata hapa ni za kioo.

Sensa yenyewe ni nini? Kwenye throto nyingi za zamani kidogo ni potenshiomita, kifaa kilekile kilicho nyuma ya kitufe cha sauti cha redio. Kuna njia ya kaboni yenye ukinzani, ncha moja imepewa volti 5, ncha nyingine athi, na kidole cha chuma kinateleza juu yake kikichota volti za pale kilipo. Tatizo lake ni kwamba kidole kinasugua. Sehemu ambayo mguu wako hukaa sana, yaani ule mwendo wa kawaida wa kila siku, ndiyo huchakaa kwanza. Throto mpya zaidi hutumia sumaku na athari ya Hall, ambapo hakuna kinachosugua kitu. Athari hiyo iligunduliwa mwaka 1879 na Edwin Hall, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari pale Johns Hopkins. (Tunaoandika hapa tunapenda kukumbushana habari kama hizi, hasa msimamizi anapouliza tasnifu imefika wapi.)

Haya, hesabu. Tuseme sensa ni potenshiomita mbili za kioo, na tunaziita volti zake A na B.

Kila kitu kikiwa kizima, A + B = 5.

Waya wa chakula ukiwa na ukinzani usiotakiwa, pengine soketi imeota kutu, volti zinazofika kwenye sensa sio 5 tena bali tuseme 4.4. Sensa zote mbili zinagawana hizo 4.4, na jumla inakuwa 4.4. Jumla imekuambia moja kwa moja chakula kilichofika.

Athi ikiwa na ukinzani, ule mwisho wa chini wa sensa hauko kwenye sifuri tena. Tuseme umenyanyuka hadi 0.6. A na B zote zinasimama juu ya kigoda hicho. Ukiandika milinganyo yake kwenye karatasi (mistari miwili tu) utaona jumla inakuwa 5 na kigoda chake, yaani 5.6. Na athi ikikatika kabisa, zote mbili zinapanda hadi karibu 5, jumla karibu 10.

Jumla ikiwa sawa mahali pote isipokuwa sehemu moja ya mwendo wa pedali, mfano pale robo ya kwanza, njia ya kaboni imechakaa mahali hapo. Hapo ndipo unapokuwa na haki ya kusema throto imekufa.

Na jumla ikirukaruka pedali ikiwa imetulia, huku mtu akitikisa nyaya, tafuta kwenye nyaya.

Kwa hiyo kujumlisha namba mbili kunatenganisha magonjwa manne ambayo mashine iliyapa jina moja. Kuna ugonjwa mmoja ambao jumla haiuoni: nyaya za A na B zikigusana, zote hukaa 2.5, na 2.5 mara mbili ni 5, safi kabisa! Ila utajua, maana ukikanyaga pedali hakuna kinachosogea kwenye kipimo.

Misimbo mingine inayokuja pamoja na P2135 nayo inasaidia. P0122 ni sensa A kuwa chini mno, P0123 A kuwa juu mno. P0222 na P0223 ni vivyo hivyo kwa B. Ukiona P0122 na P0222 kwa pamoja, kuzama kwa zote mbili kunanuka waya wa chakula. Ukiona P0123 na P0223, nenda kwenye athi. Usichanganye na P2138, ambayo ni ugomvi wa namna hiyohiyo lakini kwenye sensa za pedali. Nimeshasikia mtu amebadilisha throto kwa sababu ya P2138. Ni sawa na kung'oa jino wakati sikio ndilo linalouma.

Gari la mjomba lilikuwa na P2135 peke yake.

Vifaa vyangu: mita ya volti ya kawaida, pini mbili nyembamba, na mjomba. Soketi ya throto ina nyaya sita: mbili za mota, moja ya volti 5, moja ya athi, na mbili za A na B. Usiichomoe soketi, unataka kupima vitu vikiwa vinafanya kazi. Pini inapenyezwa kwa nyuma, pembeni ya waya, taratibu, bila kutoboa ganda la waya, kwa sababu tundu ulilotoboa leo ni kutu ya mwakani. Geuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake lakini usipige stata. Na hapa nakuomba kwa dhati: ufunguo ukiwa umewashwa, usiingize kidole ndani ya throto. Ile mota ni ndogo lakini kisahani kinafunga kwa nguvu na bila taarifa.

Ncha nyeusi ya mita niliiweka kwenye hasi ya betri. Hili ni jambo dogo linalowaangusha wengi. Ukiweka ncha nyeusi kwenye waya wa athi wa sensa yenyewe, na waya huo ndio mgonjwa, mita nayo inapanda juu ya kigoda kilekile na haikioni. Unapima urefu wa mtu kuanzia kwenye kiti alichosimamia.

Kama gari limeingia kwenye hali ya kujilinda, kisahani hakitatii pedali, kwa hiyo andika msimbo pembeni kisha ufute kwanza. Hali hiyo ya kujilinda ndiyo iliyomfanya mjomba atambae. Kompyuta ikishaona A na B hazielewani, inakata umeme wa mota ya throto, springi zinakirudisha kisahani kwenye uwazi mdogo uliopangwa, na injini inabaki na hewa ya kutosha kutambaa tu hadi pembeni. Inaudhi, na katikati ya kulipita lori inaweza kuua. Lakini fikiria njia nyingine ambayo kompyuta ingeweza kuchagua: kuiamini sensa isiyoijua.

Mjomba akakaa kwenye usukani, mimi nikainama na mita. "Kanyaga taratibu mjomba. Simama hapo. Ongeza." Mguu nje: A 0.8, B 4.2. Ongeza: 1.5 na 3.5. Nusu: 2.4 na 2.6. Hadi chini: 4.1 na 0.9. Jumla 5.0 kila mahali, bila kuruka. Nikatikisa soketi, nikagonga throto kwa mpini wa bisibisi, hakuna kilichobadilika. Throto ya mtumba ilikuwa nzima. Chakula kizima, athi nzima.

"Sasa inagombana na nani?" mjomba akauliza.

Swali zuri. Mimi nilikuwa napima volti zinazotoka kwenye sensa, ila kompyuta haisomi hapo. Inasoma mwisho wa pili wa waya, na kwenye gari hili kompyuta iko nyuma ya kabati la dashibodi upande wa abiria. Tukafungua kabati, nikatafuta nyaya mbili za rangi zilezile, nikapenyeza pini. A 0.8. B 4.2. Sawa. Nikamwambia mjomba ashuke akatikise fungu la nyaya linalopita kutoka throto kuelekea ndani, asogee kidogo kidogo. Alipofika karibu na sinia la betri, B ikaanguka hadi 3.6, ikarudi, ikaanguka 3.1. A haikujali kabisa. Jumla: 4.4, 3.9. Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa.

Tulipofungua utepe tukakuta kiungo cha zamani. Mtu fulani, miaka fulani, aliukata waya huo na kuuunga kwa kusokota shaba na kuzungushia utepe, karibu kabisa na betri ambako mvuke wa asidi hufika. Shaba ilikuwa imegeuka kijani. Kifizikia kilichotokea ni hiki: ndani ya kompyuta kuna resista inayouvuta waya wa sensa kuelekea sifuri, ili waya ukikatika kompyuta ijue. Kiungo chenye kutu kikiongeza ukinzani, kiungo na resista hiyo vinagawana volti za sensa kati yao. Kwa maneno mengine, kutu ilikuwa imetengeneza potenshiomita ya tatu ambayo hakuna aliyeiagiza, na mtikisiko wa barabara ndio uliokuwa unaizungusha.

Hii pia inaeleza zile siku nne za raha. Fundi alipokuwa anafunga throto ya mtumba alilisogeza fungu la nyaya, shaba zikagusana vizuri kidogo, gari likapona. Throto ikapewa sifa isiyo yake. Barabara ikaendelea kutikisa, shaba zikaachana.

Tukakata ile sehemu ya kijani, tukaunga kipande kipya cha waya kwa kuchomelea kwa risasi, tukafunika kwa ule mpira unaosinyaa kwa joto, tukalifunga fungu mbali na sinia la betri lisisugue. Gharama yote haikufika elfu kumi na tano, pamoja na soda.

Kuhusu kusafisha throto, ambayo ndiyo dawa ya kwanza kila gereji: masizi yanayoganda pembeni ya kisahani ni tatizo halisi, lakini yanaleta sailensi mbovu na misimbo ya familia ya P0505 hadi P0507. Masizi hayabadilishi volti za waya. Kwa P2135 unaweza kuisugua throto hadi ing'ae kama sufuria ya sikukuu na taa itawaka tu. Na ukishasafisha, au ukichomoa terminali ya betri, usishangae sailensi ikiwa juu kwa muda. Magari mengi yanahitaji kujifunza upya mahali kisahani kinapofungia, na namna ya kuyafundisha inatofautiana kwa modeli.

Mjomba hakuwa ameitupa throto yake ya mwanzo, ilikuwa kwenye buti imefungwa gazeti. Tuliirudisha, tukapima tena upande wa kompyuta huku tukitikisa kila waya: jumla 5.0 kuanzia mguu nje hadi pedali chini. Amezunguka nayo miezi mitatu sasa. Ile ya mtumba muuzaji amekataa kuirudisha, iko chini ya kitanda, na mjomba anatafuta mteja mwenye throto iliyokufa kweli.